Ndugu Sita wa Sebuleni

"Mjomba, mbona mvua ya kwenye filamu inanyesha ndani ya televisheni tu?"

Nani ameuliza hilo? Njoo, keti hapa mbele. Swali lako ni zuri, na watu wazima wengi wameishi na televisheni miaka na miaka bila kuliuliza. Hapa kwetu Butembo, mashariki mwa Kongo, mvua inapoanza kupiga bati, unaisikia juu ya kichwa. Unaisikia nyuma ya nyumba kwenye migomba. Unaisikia mlangoni ikichuruzika kwenye ndoo. Uko katikati yake. Lakini mvua ya filamu imejifungia pale mbele, upande mmoja, nayo haitoki.

Leo tutaitoa. Na hatutatupa kitu. Ile redio ya papa yenye ampli moja na spika mbili, zile ambazo mtaani tunaziita bafle, itabaki pale pale. Tutaikuza polepole mpaka sauti izunguke chumba kizima.

"Tutaongeza sauti, mjomba?"

Hapana, mwanangu. Kelele tunazo za kutosha. Tutaipa kila sauti mahali pake.

Tuanze na masikio yako, maana hayo hayauzwi dukani. Funga macho. Dada yako azunguke chumbani kimyakimya, kisha apige kofi moja. Nyoosha kidole alipo. Umempata! Umejuaje, na macho umeyafumba?

"Nimesikia tu, mjomba."

Umesikia mara mbili. Sauti hukimbia karibu mita 340 kwa sekunde. Dada akiwa kuliani kwako, kofi lake linafika kwanza sikio la kulia, halafu linazunguka kichwa mpaka la kushoto. Kuchelewa huko hakufiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tena linafika likiwa limefifia kidogo, kwa sababu kichwa chako kimelizuia njiani. Ubongo unapima yote mawili, unaamua: yuko kulia. Hakuna aliyekufundisha hesabu hiyo. Ulikuwa ukiifanya tangu ungali mgongoni kwa mama.

Sasa sikia habari ya mtu mzima aliyekerwa na jambo lile lile linalokukera wewe. Aliitwa Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI huko Uingereza. Mwaka 1931 alikwenda sinema na Doreen, aliyekuja kuwa mkewe baadaye. Filamu zenye sauti zilikuwa bado ngeni. Mwigizaji alitembea upande huu wa pazia, sauti yake ikatoka upande ule, kwenye spika. Blumlein hakupenda. Akamwambia Doreen kwamba anajua namna ya kuifanya sauti imfuate mtu.

"Akafanya kweli?"

Akafanya. Desemba ya mwaka huo huo akaomba hataza ya wazo lake. Mwaka 1935 akapiga filamu za majaribio: watu wanatembea jukwaani wakizungumza, na sauti zao zinatembea nao. Akarekodi na treni zikipita kituo cha Hayes. Treni inakwenda, mlio unakwenda. Kwa kazi hiyo alitumia njia mbili za sauti na spika za kushoto na kulia, na stereo ya redio ya papa inatoka humo. Blumlein alifariki mwaka 1942, akiwa na miaka 38, ndege ambamo yeye na wenzake walikuwa wakijaribia rada ilipoanguka. Hakuwahi kuona wazo lake likiingia kila nyumba. Ninamheshimu sana mtu huyu. Alikerwa na kitu kidogo, akakaa chini akakitengeneza.

Lakini spika mbili za stereo zote ziko mbele. Mvua bado iko mbele. Tufanyeje?

Fikiria kyaghanda, lile banda la mikutano la sisi Wanande. Moto uko katikati na watu wameuzunguka. Babu anasimulia mbele yako. Mjomba mmoja kushotoni anaitikia. Nyuma yako mtu anakohoa, mwingine anacheka. Wewe hugeuki hata kidogo, lakini unajua nani yuko wapi. Sebule yenye sauti ya kuzunguka ni kyaghanda. Msimulizi yuko mbele, waitikiaji wako pembeni na nyuma, na kila sauti ina mahali pake.

Na kwa kuwa ni kyaghanda chetu, spika tutazipa majina yetu. Unajua wavulana wa Kinande hupewa majina kwa zamu ya kuzaliwa. Basi na hawa ni hivyo hivyo: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Mbusa. Ndugu sita. Leo wawili wapo, na wanne watazaliwa mmoja mmoja.

Paluku anataka kusema. Tumpe nafasi, yeye ndiye mkubwa.

"Mimi ni Paluku. Kazi yangu ni sauti za kushoto. Mdogo wangu Kambale ana sauti za kulia. Lakini tazameni mlivyotuweka! Mimi juu ya kabati, karibu na dari. Yeye sakafuni, nyuma ya kochi. Mkitusikia ovyo, mnatulaumu sisi."

Pole, Paluku. Umesema kweli. Nimeingia nyumba nyingi za Butembo na Beni na kuwakuta ndugu hawa wawili wamewekwa palipobaki nafasi, si panapowafaa. Tuwapange vizuri. Chukua utepe wa fundi seremala. Paluku na Kambale wakiwa mbali mita 2 mmoja na mwenzake, weka kiti chako mita 2 kutoka kwa kila mmoja. Umepata pembetatu yenye pande sawa. Ile spika ndogo ya juu, inayotoa sauti nyembamba, iwe usawa wa masikio yako ukiwa umeketi. Waelekeze kidogo kwako. Wasibanwe ukutani. Haya, weka wimbo wenye mwimbaji mmoja.

"Mjomba! Anaimba pale katikati! Lakini pale katikati hakuna kitu!"

Hakuna kitu kabisa. Nenda ukapapase, hutakuta chochote. Paluku na Kambale wamesema neno moja, kwa wakati mmoja, kwa nguvu moja. Masikio yako yamepokea sawasawa. Ubongo ukaamua: basi mtu huyu yuko katikati. Sasa hamia mwisho wa kochi, karibu na Kambale. Mwimbaji amekufuata, sivyo? Amehama kwa sababu Kambale anakufikia kwanza. Likumbuke hilo. Tutalihitaji Katembo atakapozaliwa.

Je, umepanga vizuri na bado wimbo ni mwembamba, besi haipo, mwimbaji yuko kila mahali na hayupo popote? Hapo ndugu wawili wanavutana. Kila spika ina vishikio viwili vya waya, chekundu na cheusi. Chekundu cha ampli kiende chekundu cha spika, cheusi kiende cheusi. Mmoja akigeuzwa, Paluku anasukuma hewa mbele huku Kambale anaivuta nyuma. Sauti nzito zinauana katikati ya chumba.

"Na kama rangi zimefutika?"

Ah, swali la fundi hilo! Toa nyaya za spika kwenye ampli. Chukua jiwe moja la tochi, la volti 1.5. Gusa kwa sekunde moja tu, upande wa kujumlisha kwenye waya huu, wa kutoa kwenye waya ule. Tazama ile karatasi ya duara kwenye spika kubwa. Utasikia "tup", utaiona imeruka. Ikiruka kuja kwako, waya uliogusa upande wa kujumlisha ndio mwekundu. Ikirudi ndani, ni mweusi. Weka alama kwa rangi ya kucha ya mama, baada ya kumwomba.

Sasa wazaliwe Kasereka na Kakule, ndugu wa nyuma.

Umetafuta stoo, umepata spika mbili za redio ya babu iliyokufa zamani. Nzuri sana. Watu wengi hapa hukimbilia kuzifunga pamoja na Paluku na Kambale, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na kuziweka nyuma. Usifanye hivyo, kwa sababu mbili. Ya kwanza, Kasereka atasema yale yale anayosema Paluku. Msimulizi atakuwa mbele yako na nyuma yako kwa mara moja, na hilo hata kyaghanda hakijawahi kuliona. Ya pili ni ampli. Nyuma ya spika nyingi imeandikwa ohm 8. Hicho ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Spika mbili za ohm 8 zikifungwa sambamba hubaki ohm 4. Kizuizi kimepungua, umeme mwingi unapita, ampli inapata moto. Ampli nyingi ndogo hufa hivyo, Jumamosi jioni, katikati ya sherehe.

Iko njia nyingine, na ninaipenda kwa sababu inahitaji waya na akili tu. Karibu mwaka 1970 ilienezwa na David Hafler, Mmarekani mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Dynaco. Sikiliza vizuri. Waya mwekundu wa Kasereka unakwenda kwenye kishikio chekundu cha Paluku kwenye ampli. Waya mwekundu wa Kakule unakwenda kwenye kishikio chekundu cha Kambale. Na nyaya nyeusi za Kasereka na Kakule? Zinaunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Haziendi kwenye ampli kabisa.

"Mjomba, si wataishi bila umeme?"

Umeuliza vizuri! Mwache Kasereka ajibu.

"Mimi na Kakule tumekaa kati ya Paluku na Kambale. Kaka zetu wakisukuma sawasawa, umeme hauna pa kwenda, nasi tunanyamaza. Mwimbaji wa katikati hatumgusi. Lakini wakitofautiana, ile tofauti inapita kwetu. Kwaya imeenea kushoto na kulia? Tunaipata. Mwangwi wa kanisa? Tunaupata. Makofi ya watu, upepo, mvua? Vyote vya kwetu."

Umeona? Mambo ya katikati yanabaki mbele, mambo ya pembeni yanakwenda nyuma. Kasereka na Kakule wakifuatana hivyo, ohm 8 na ohm 8, ni 16. Ampli haichoki sana. Wakae ubavuni mwako, wamerudi nyuma kidogo, juu ya masikio yako kwa kiasi cha mkono mmoja. Weka rekodi ya kwaya iliyochukuliwa kanisani. Halafu weka kituo cha redio kinachotangaza kwa mono. Nyuma patakuwa kimya, au karibu na kimya. Ukikuta hivyo ujue umefunga sawa.

Lakini simama kwanza. Njia hii inafaa ampli ambayo vishikio vyake viwili vyeusi vimeunganishwa ndani. Ampli nyingi ndogo za siku hizi, na redio za gari, hazikutengenezwa hivyo. Zikifungwa namna hii zinaweza kuungua. Mwite fundi aje na kipimo chake. Ampli izimwe, itolewe kwenye umeme, aguse vyeusi viwili. Kipimo kikilia, vimeungana, endeleeni. Kisipolia, acheni. Na wewe, mwanangu, usishike waya hata mmoja ampli ikiwa inawaka. Papa, mama au fundi awepo. Hilo sitalirudia, lakini ninalimaanisha.

Sasa tuna ndugu wanne. Mvua imeanza kutoka kwenye televisheni. Wengine wanaishia hapa, nami nawapongeza, kwa sababu kwa nyaya chache wamepata kitu ambacho majirani wamekilipia dola nyingi. Ila wewe utaniuliza jambo lingine.

"Mjomba, mimi nikikaa mwisho wa kochi, mtu anayeongea kwenye filamu anahamia kwa Kambale. Papa peke yake, aliyekaa katikati, ndiye anayesikia vizuri."

Nilijua utaliona. Nyumba zetu zina watoto sita, saba, na majirani wamesimama mlangoni. Haiwezekani mmoja asikie na wengine wakose. Ndiyo maana anazaliwa Katembo.

Katembo ni wa tano, lakini kiti chake ni cha mbele katikati, chini tu ya televisheni. Na usishangae mdogo kupewa kiti hicho: yeye ndiye msemaji. Katika filamu, maneno ya watu karibu yote anayabeba yeye. Pale ambapo Paluku na Kambale walikuwa wanaufanya ubongo wako uamini kuna mtu, sasa kuna mtu kweli. Ukae kulia, ukae kushoto, usimame mlangoni, maneno yanatoka kwenye mdomo wa anayesema. Kama pesa inatosha spika moja tu nzuri, inunuliwe ya Katembo. Filamu usiyoelewa maneno yake itakusaidia nini, hata radi ikipiga nyuma yako?

Lakini Katembo hawezi kuzaliwa kwenye ampli ya stereo. Haina mlango wake. Sasa papa anahitaji ampli ya sinema ya nyumbani, yenye njia tano za spika na moja ya sabufa. Hiyo ndiyo wanayoiandika 5.1 kwenye boksi. Tano ni Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule na Katembo. Ile nukta moja ni Mbusa. Ampli hiyo ikifika, Kasereka na Kakule watafunguliwa zile nyaya za Hafler. Kila mmoja atapata waya wake mwekundu na wake mweusi, na maneno yake mwenyewe.

Mbusa ni sabufa. Tumsikie.

"Mimi sisemi maneno. Mimi ni radi, ngoma kubwa, lori linalopanda mlima na mzigo. Niwekeni popote mbele, hamtajua niko wapi."

Ni kweli. Sauti zilizo chini ya mitetemo 80 kwa sekunde, sikio halijui zinatoka wapi. Wimbi lake ni refu mno. Mtetemo wa 40 kwa sekunde una wimbi la mita 8 na nusu, na sebule nyingi hazina urefu huo. Kichwa chako hakiwezi kulizuia, kwa hiyo ile hesabu ya kulia na kushoto inashindwa. Ndiyo maana Mbusa ni mmoja tu na anatosha. Ila usimsukume kabisa kwenye kona. Kona inamwongezea nguvu mpaka anawafunika ndugu zake. Na nyumba za jirani ziko karibu. Ukuta wa tofali unazuia maneno ya Katembo, lakini Mbusa anapita.

Kuna jambo moja zuri ampli mpya inalijua, ambalo nyaya za Hafler hazikulijua. Mwaka 1949 Mjerumani aitwaye Helmut Haas alionyesha kwamba sauti moja ikitufikia kutoka pande mbili, tunaufuata upande uliotufikia kwanza. Sasa pima sebule yako. Tuseme Paluku yuko mita 3 kutoka kwenye kiti chako. Kasereka yuko mita 1.5 tu. Wakisema pamoja, Kasereka anafika kwanza, na sikio linageuka nyuma. Mdogo amemtangulia kaka yake kusema! Kwenye kyaghanda hilo halikubaliki. Basi ampli inamshika Kasereka kidogo, sehemu nne na nusu hivi za elfu ya sekunde, kisha inamwachia. Ila haijui umbali usipoiambia. Chukua tena ule utepe, pima kutoka kwenye kiti mpaka kwa kila ndugu, uingize namba kwa rimoti. Watu wengi hawafanyi hivyo, na mfumo mzuri unabaki na ugomvi wa ndugu kila siku.

"Mjomba, nani wa kwanza kuzungushia watu sauti?"

Wengi walijaribu. Mwaka 1940 filamu ya Disney iitwayo Fantasia ilionyeshwa New York na muziki ukihama huku na huku ukumbini, lakini mitambo yake ilikuwa mingi na ghali, kumbi chache tu ziliweza. Baadaye akaja Ray Dolby, aliyeanzisha kampuni yake London mwaka 1965. Mwaka 1992 kampuni hiyo ikaleta sauti sita za kidijitali kwenye filamu ya Batman Returns. DVD zilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, hao sita wakapata njia rahisi zaidi ya kuingia nyumbani. Na kwetu wamefika kwa safari ndefu: meli mpaka Mombasa, lori kupitia Uganda, mpaka wa Kasindi, halafu Beni, na barabara ya milima hadi Butembo. Wafanyabiashara wetu wamezifuata bidhaa hizi mpaka Dubai na Guangzhou. Kwa hiyo vitu vipo. Tatizo ni kuchagua.

Hapa nisikilizeni kwa makini, na mmsomee papa. Boksi limeandikwa wati 10,000 PMPO. Namba hiyo isiwashtue, haisemi lolote la kweli juu ya nguvu ya kila siku. Tafuteni herufi RMS. Msipoziona, geuzeni chombo, someni kibandiko cha nyuma kinachosema kinavuta wati ngapi ukutani. Kikisema 60, basi chombo hicho hakiwezi kutoa 1,000. Kitazitoa wapi? Hakiwezi kutoa zaidi ya kile kinachokula.

Kisha tazameni waya wa kutoka kwenye televisheni. Ule wenye vichwa viwili, chekundu na cheupe, unabeba sauti mbili za stereo tu. Ndugu sita hawaingii humo. Tumieni HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC, au waya wa mwanga, ule unaowaka nukta nyekundu kwenye ncha. Na filamu nyingi za kwenye flashi zimepunguzwa zikabaki stereo. Hizo ampli itazigawa yenyewe, kwa ujanja unaofanana na wa Hafler, lakini mvua yake haitakuwa ile ya sauti sita kamili.

Umeme nao. Butembo iliishi miaka mingi bila gridi ya kuaminika, kwa jenereta, na hata leo umeme unapanda na kushuka. Wekeni stabilaiza kabla ya ampli. Jenereta ikianza kukohoa, zimeni kwanza ampli. Bei ya stabilaiza ni ndogo ukilinganisha na ya ampli nzima.

Na chumba chenyewe? Simama katikati ya sebule, piga kofi. Umesikia mlio ukirudi "trrr" kwenye kuta? Sakafu ya saruji, kuta tupu na bati bila dari vinarudisha kila sauti, na Kasereka anaonekana yuko jikoni. Tandika mkeka. Ning'iniza pazia nene nyuma ya kochi. Piga kofi tena. Umesikia tofauti? Mkeka na pazia vimefanya kazi ambayo ampli ya dola mia tano isingeifanya.

Nina neno moja zito, nalisema kwa upole. Sauti ya kuzunguka inaifanya filamu ya vita ikae ndani ya nyumba. Risasi inapita nyuma ya kichwa. Tangu mwaka 2014, watoto wengi wa Beni, Oicha na vijiji vya jirani wamesikia risasi za kweli, na wengine sasa wanaishi na ndugu zao hapa Butembo. Jirani yako anaweza kuwa mmoja wao. Usiku, mlio wa filamu na mlio wa kweli haitofautiki ukiisikia kupitia ukutani. Kwa hiyo filamu hizo zisipigwe kwa sauti kubwa, na usiku zisipigwe kabisa. Wekeni mpira, mkae katikati ya uwanja na mashabiki nyuma yenu. Wekeni kwaya. Wekeni filamu za wanyama, ndege wa msituni waimbe kwa Kakule na mto upite kwa Paluku. Hizo hazimwogopeshi mtu.

"Mjomba, tukianza leo tutamaliza lini?"

Mwanangu, familia haizai watoto sita kwa siku moja. Mwaka huu Paluku na Kambale wapangwe. Mwakani fundi aangalie ampli, Kasereka na Kakule wapate nyaya. Pesa ikipatikana, ampli mpya na Katembo. Mbusa awe wa mwisho, ingawa dukani ndiye atakayewavutia kwanza kwa taa zake za rangi.

Na leo jioni, kabla hujamwomba papa hata faranga moja, chukua utepe upime ile pembetatu. Mwite papa aketi kwenye kiti chako, mwekee wimbo anaoupenda, kisha mwombe anyooshe kidole alipo mwimbaji. Akinyoosha katikati, pale pasipo na kitu, hapo ndipo mzungumze habari za Kasereka na Kakule.